Kengele ya Tutafika

Area 23, Lilongwe
5 Machi 2000

Kwa Mjomba Adolphe,

Amani ya Bwana iingie nyumbani mwako kabla ya barua hii, maana barua inakuja na mchungaji Épitace, na unajua akifika mahali lazima anywe chai kwanza. Mkeo Mama Godelive nampa salamu zake za peke yake. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, cherehani nayo ni nzima, sindano tu zinavunjika. Mvua iliingia chumbani lakini kitanda nilikuwa nimekiinua juu ya matofali, ulivyonifundisha tulipokuwa Kigoma. Kuna mtu yeyote aliyefika huko kambini kutoka kwetu Fizi? Sisi huku tunasikia redioni kwamba vita vimerudi milimani, lakini redio haitaji majina ya vijiji.

Sasa Mjomba, jambo lenyewe ni la kuchekesha. Pale Area 49, upande wa Gulliver, kwenye nyumba ninayoshonea mapazia, bwana wa nyumba amenunua mbwa. Kichwa chake ni kama ndoo. Bwana anajisifu kwamba hakuna mnyama wa kumshinda. Mlinzi, mtu wa Madisi, akamwambia kwamba mbwa huyo akikutana na mbwa mwitu hafiki hata jioni, na kwamba hata mbweha atamtia adabu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mimi na mdomo wangu, si unanijua, nikasema kuna mtu ninayemfahamu ambaye ameishi na wanyama hao wote. Bwana akaniambia nimuulize.

Basi nakuuliza, wewe mzee wa meno mabovu: kati ya mbwa wa pori na mbwa wa nyumbani, nani anampiga mwenzake? Andika vizuri, itasomwa mbele ya watu.

Mwipwa wako asiye na adabu,
Gabriella


Dzaleka
19 Machi 2000

Gabriella, mwipwa wangu, mlaji wa vya mjomba,

Pokea salamu yangu moja na mbili za mama Godelive, ambaye mguu wake unatabiri mvua kuliko redio yenu. Tupo. Posho ilichelewa, maharage yakaja na wadudu wake, tukayapika hivyo hivyo na kushukuru. Kutoka nyumbani alifika mtu wa mji wa Baraka. Anasema kwenye kilima chetu hakuna moshi unaoonekana tena. Sikumuuliza zaidi. Meno yangu ni mabovu lakini ni yangu.

Mwambie bwana wako asikasirike, na huyo mlinzi asifurahi upesi, kila mmoja amekosea kidogo. Ukimfungia mbwa mkubwa na mbweha ndani ya uzio mmoja, mbweha hana lake. Ni mdogo na ana akili, hapigani na kinachomzidi uzito. Mbwa mwitu ni habari nyingine. Meno yake yanafanya kazi kila siku, pumzi yake haiishi, na hapigani peke yake: ukimwona mmoja, wenzake wameshakuzunguka. Mbwa wa bwana wako atamrusha wa kwanza, huku wa pili ameshika mkia na wa tatu yuko tumboni. Hapo hadithi imekwisha.

Lakini kuna jambo baba alinionyesha nikiwa bado sijaota ndevu. Mnyama wa pori akiumia kidogo tu anaacha ugomvi na kwenda zake. Si mwoga. Anajua hakuna wa kumfunga kidonda wala wa kumletea chakula. Mbwa wa nyumbani anapigana hata akiwa amevunjika, kwa sababu anajua kuna mtu nyuma yake. Nguvu yake ni yule mtu. Mwondoe mtu, utamwona mbwa anarudi kinyumenyume.

Hata kuua, hawaui sawasawa. Wa pori anaua ale: koo au tumbo, kazi safi, na nyama inaliwa. Wa nyumbani anauma chochote kinachokimbia mbele yake, miguu ya nyuma, mkia, masikio, anachana huku na huku, halafu nyama anaiacha pale na kurudi kulala. Hana njaa, anacheza. Ndiyo maana kwetu, mbwa akiua mbuzi wa mtu, mwenye mbwa hasubiri kuitwa. Anamvua kengele, anampeleka kwa mwenye mbuzi, na kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Babu yako alifanya hivyo na hakuna aliyemcheka.

Tutafika anakusalimu. Yule mtoto wa mbwa uliyemwona amekuwa dume la kifua kipana, mwekundu kama udongo wa hapa. Nimemvalisha kengele ya mti ya baba, ile niliyoibeba shingoni toka Fizi mkanicheka ndani ya boti. Inalia vizuri mno. Tukishuka bondeni, dambo wanavyoita hapa, kutafuta sungura, kijiji kizima kinajua kwamba wakimbizi wanapita. Kwa hiyo nimeijaza majani, kama tulivyofanya kwetu tukipita karibu na nyumba za watu. Sasa anatembea kama mwizi. Kipande hiki usiwasomee.

Na umewaambia mimi ni nani wako? Niandikie walivyosema.

Mjomba wako,
Adolphe


Area 23
16 Aprili 2000

Mjomba mpendwa,

Salamu za Pasaka zikutangulie, na mama Godelive pia. Nimempa Épitace kitambaa cha maua kwa ajili yake, na kilo mbili za sukari kwa ajili yenu wote. Hapa hakuna shida isipokuwa bei ya uzi.

Barua yako ilisomwa. Mlinzi alipiga magoti akicheka, na bwana aliirudia sehemu ya mtu aliye nyuma ya mbwa, akasema hata wazungu hawaandiki hivyo. Tangu siku hiyo anamtembeza mbwa wake mwenyewe. Aliuliza mambo mengi kuhusu wewe, nikajibu nilivyoweza.

Pasaka sitaweza kuja. Mapazia ni mengi, na mambo ya ruhusa ya kuingia na kutoka kambini unayajua. Swali lako la mwisho nitalijibu siku nyingine, leo nina haraka.

Gabriella


Dzaleka
28 Mei 2000

Mwipwa wangu,

Baridi imetushika. Sukari yako tumeinywa asubuhi na jioni kama watu wakubwa, Mungu akubariki. Mama Godelive alivaa kitambaa chake kanisani, kwaya nzima ikakosea wimbo kwa kumtazama. Mahindi tumeshavuna kwenye ile kona ya shamba aliyotupa Agogo Nachisale. Wewe humjui. Ni mjane wa kijiji cha ng'ambo ya dambo, agogo kwa lugha yao ni bibi, nasi tunamwita hivyo kama wajukuu zake. Bila kona ile tungekuwa tunangoja posho tu na kuhesabu siku.

Alhamisi mbuzi wake aliuawa. Jike, mwenye mimba. Walimkuta alfajiri karibu na maji, masikio yamechanwa, miguu ya nyuma yote miwili imeumwa, nyama yote ipo. Chifu aliniita kwa sababu wanajua nilikuwa mwindaji. Nilisimamishwa mbele ya watu wa kijiji na watu wa kambi, nikaambiwa nisome yale majeraha. Niliinama, nikatazama. Nikasema: "Ni mbweha."

Vijana walicheka. Mbweha gani wa kuangusha mbuzi mkubwa? Wakasema mkimbizi anamfichia mkimbizi mwenzake. Mmoja akamtaja Tutafika, lakini Agogo mwenyewe alinitetea. Alisema mbwa wangu ana kengele, na asubuhi ile hakuna aliyesikia kengele. Basi wakamkumbuka Rukara, mbwa mweusi wa jirani yetu Ndayisaba, yule Mrundi ambaye ukuta wake unagusa ukuta wetu. Wiki ile alionekana akizurura karibu na dambo. Walimpiga marungu mlangoni pa mwenye mbwa, Ndayisaba akiwa amesimama mbele yao na mikono mitupu akiwaomba.

Nilimsaidia kuchimba shimo. Ardhi ilikuwa ngumu.

Ndiyo habari za huku. Mbweha wa nchi hii wamekuwa wabaya siku hizi. Tutafika hajambo.

Adolphe


Area 23
4 Juni 2000

Mjomba,

Wasalimu wote. Barua yako ya Machi ninayo hapa, naiweka ndani ya Biblia. Sina haja ya kukuandikia maneno yako mwenyewe. Masikio, miguu ya nyuma, nyama imeachwa. Na kengele iliyojazwa majani.

Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Ulikuwa ukinichapa kwa uongo mdogo kuliko huu. Nakuuliza jambo moja tu: nani aliua mbuzi wa Agogo?

Gabriella


Dzaleka
30 Julai 2000

Kwa Gabriella,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nimechelewa kwa sababu Épitace aliumwa kifua na wengine siwaamini na karatasi zangu. Sisi wazima. Tumeezeka upya upande wa jikoni. Maharage ya mwezi huu yalikuwa safi. Wamefika watu wengi wapya kutoka Uvira, wamelazwa kwenye majengo ya lile gereza lililokuwa hapa zamani, na kila jioni nakwenda kutazama nyuso kama kuna ya kwetu. Hakuna. Kwaya imepata mwalimu mpya, anapiga kelele kuliko waimbaji.

Ndayisaba ni mzima. Kila akipika mihogo anatuletea sahani. Anawaambia watu kwamba siku ya msiba wake wa mbwa wengine walisimama kutazama, mimi peke yangu nilichukua jembe. Anasema hivyo hata kanisani. Ananishukuru, Gabriella. Mihogo yenyewe siigusi, nampa mama Godelive.

Swali lako limefika. Na langu la Machi je? Uliwaambia watu wa Area 49 mimi ni nani wako?

Adolphe


Area 23
13 Agosti 2000

Mjomba,

Salamu ziwe za haraka leo, kwa sababu nikizirefusha nitaogopa tena.

Sikuwaambia. Watu wa nyumba ile nilishawaambia tangu mwanzo kwamba mimi ni mtu wa Karonga, kule kaskazini mpakani, ndiyo maana Kichewa changu kimepinda na Kiswahili nakijua. Nani anampa mkimbizi funguo za chumba chake? Kila mtu hapa mjini ana namna ya kuficha kambi. Barua yako niliposoma nilisema imeandikwa na mzee mmoja wa Dzaleka niliyekutana naye kanisani. Mzee mmoja. Mdomo wangu ulisema hivyo na macho yangu yalikuwa juu ya mwandiko wako.

Lakini si hilo tu. Bwana alipendezwa mno. Akasema: huyo mzee aje, nitamwombea ruhusa, akae hapa na kumfundisha mbwa, nyumba ndogo ya nyuma ipo. Nikaona utafika na meno yako na sauti yako, utaniita "mwipwa wangu" mbele ya madamu, mke wa bwana, na yote yatamwagika. Nikasema haiwezekani. Nikasema amekufa. Homa.

Nilikuua, Mjomba. Madamu alinishika mkono akanipa pole, na siku ya Jumatatu akanipa sukari kilo mbili nipeleke kwenye msiba. Ndiyo ile mliyokunywa asubuhi na jioni. Uliponiandikia kwamba Mungu anibariki, niliificha barua chini ya cherehani, nikawa naipiga teke kila nikishona. Aibu ikanila mpaka nikawa nakukasirikia wewe. Hata ile barua yangu ya Juni niliiandika nikiona raha kwamba kuna mwongo mwingine katika ukoo.

Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wa yangu. Juzi nilikwenda, nikawaambia. Ni mkimbizi, ni wa Fizi, mzee ni mjomba wangu, mzima, analetewa mihogo. Bwana alicheka kidogo. Madamu hakucheka. Aliniuliza mbele ya mlinzi: "Kama unaweza kumzika mjomba wako, mimi utaniambia nini cha kweli?" Mapazia ya sebuleni amempa fundi mwingine. Nilipotoka, yule mlinzi wa Madisi alinifungulia geti na kusema zikomo kwa mikono miwili, sijui alikuwa ananishukuru nini.

Mimi nimekufufua. Na wewe utafanya nini?

Gabriella


Dzaleka
15 Oktoba 2000

Gabriella, mwipwa wangu, mchimba kaburi langu,

Marehemu anakusalimu. Mama Godelive alicheka kuhusu sukari mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akasema usipokuja Krismasi atakufuata mwenyewe na mguu wake. Uje na sukari ya watu walio hai. Kuhusu nyumba ndogo ya nyuma, nisingekuja hata hivyo. Mbwa wa kichwa cha ndoo angenicheka.

Nimekusamehe. Iliniuma, sitaficha. Nilitembea mpaka barabara kubwa nikarudi. Lakini wewe ulikwenda kusema ukiwa peke yako, hakuna aliyekutuma, na mimi nilikuwa nimelala na neno langu tangu Mei. Niliona haya mbele ya mtoto niliyemfundisha kusimama.

Jibu la swali lako ni Tutafika. Nililijua asubuhi ile ile, kabla chifu hajaniita. Alirudi amelowa, nikatoa majani kwenye kengele niweke mengine, nikakuta manyoya ya mbuzi, meupe, yamenata na damu. Niliyatupa jikoni, motoni. Halafu nikaenda kusimama mbele ya watu. Agogo aliposema angesikia kengele, nilitazama chini, nikamwacha anitetee. Unajua nilichofikiria? Kwamba nimeacha kilima, nimeacha makaburi, na huyu mbwa hawatamchukua. Nilikuandikia kwa fahari kwamba nguvu ya mbwa wa nyumbani ni mtu aliye nyuma yake. Ndayisaba alisimama mbele ya mbwa wake na mikono mitupu. Mimi nilisimama nyuma ya wangu nikajificha.

Baada ya barua yako nilikaa siku nyingi bado. Sitakudanganya kwamba niliinuka mara moja. Jumapili moja Ndayisaba alinitaja tena kanisani, akasema kila mtu apate jirani kama Adolphe. Nilitoka kabla ya sadaka. Nikamvua Tutafika kengele, nikaisafisha, nikamfunga kamba, nikaenda kwa Agogo Nachisale kama babu yako alivyofanya.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Alisema habari ya mbuzi anaisamehe, ni mnyama, lakini kona ya shamba anaichukua, kwa sababu mtu ambaye yeye alimtetea mbele ya chifu, hawezi kumkuta kila siku shambani mwake. Mvua zitaanza na sisi hatuna pa kupanda. Ni haki yake. Kuhusu mbwa alisema: "Mimi nilipoteza mbuzi. Aliyepoteza mbwa ni yule mwenzako. Mpeleke kule."

Nikampeleka. Ndayisaba alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Alinyanyua kichwa akafurahi, akanisogezea kigoda. Nilisema nikiwa nimesimama. Yote, hadi majani na manyoya. Nikaweka kamba mbele yake, nikaweka rungu langu la kuwindia pembeni, nikamwambia afanye anavyotaka.

"Adolphe," akasema kwa Kiswahili chetu cha kambini, "we ulichimba shimo na mi?"

"Njo, tulichimba."

"Na ulilia na mi."

"Nililia."

"Ulikuwa unalilia nini?"

Majirani walikuwa wameanza kutoka nje. Alilitazama lile rungu muda mrefu, kisha akalisukuma kwa mguu mpaka likarudi kwangu.

"Mi siue hii imbwa," akasema. "Imbwa haikusema uongo. Itabaki kwangu. Jina yake njo Rukara."

Rukara kwa Kirundi ni mweusi, na mbwa ni mwekundu. Nilitaka kumwambia. Nikaacha. Nikamkabidhi kengele ya baba, akaitikisa, ikalia vizuri, akamfunga mbwa shingoni bila jani hata moja.

Sahani za mihogo haziji tena. Kanisani anakaa upande mwingine. Watu wa kambi wamepata la kusema, na yule mwalimu wa kwaya, ambaye hata simjui, ananitazama kama amenilipia deni. Aibu ni kama baridi ya wilaya hii ya Dowa, unafikiri utaizoea. Lakini usingizi umerudi, hilo nalo niliseme.

Kila asubuhi Ndayisaba na mbwa wanapita kwenda dambo. Naisikia kengele tangu wakiwa ndani ya ua wao. Mbwa akifika mlangoni kwangu anasimama na kungoja, kama zamani. Ndayisaba havuti kamba na wala hamwiti. Naye anasimama, ananitazama, hana haraka. Mama Godelive anajifanya anafagia. Na kengele inanyamaza, na njia yote inanyamaza, mpaka mimi mwenyewe nifungue kinywa na kusema: "Enda, Rukara." Ndipo anakwenda.

Mjomba wako,
Adolphe